Rais wa Kwanza wa Marekani Kupigwa Picha ni Nani? Inategemea Unauliza Nini Hasa

Mpwa wangu ana gemu la maswali kwenye simu ya mama yake, lile la majibu manne na sekunde kumi na tano za kujibu, na Jumapili iliyopita tumemaliza kula akanijia mbio. "Mjomba, rais wa kwanza wa Marekani kupigwa picha ni nani?" Nikachungulia kioo. A, William Henry Harrison. B, John Quincy Adams. C, James Polk. D, Abraham Lincoln. Nikaanza kusema "sasa hapo inategemea" na kijana akasema Mjomba sekunde zinaisha, na kweli zikaisha, gemu likalia ile sauti ya kukosa na jibu likatokea kwa kijani, B.

Nikamwambia B sio uongo ila sio ukweli wote. Akanitazama vile watoto wanavyomtazama mtu mzima aliyekosa swali halafu analeta maelezo. Basi maelezo yenyewe nayaweka hapa, maana yeye hakukaa kuyasikiliza.

Shida ya swali hili ipo kwenye neno "kwanza". Wa kwanza kukaa mbele ya kamera? Wa kwanza kukaa mbele ya kamera akiwa bado rais? Au wa kwanza ambaye picha yake ipo mpaka leo ukiitaka ukaione? Hayo ni maswali matatu na kila moja lina mtu wake. Halafu sisi tunaongeza shida nyingine ya kwetu wenyewe, neno "picha". Kwa Kiswahili picha ya kuchora ni picha na ya kupiga ni picha, kwahiyo mtu akirusha mtandaoni "picha ya George Washington" hajadanganya kilugha, ila Washington alikufa 1799 na kamera haikuwepo kabisa, ile sura unayoiona kwenye noti ya dola moja ilitoka kwenye brashi ya mchoraji.

Kamera yenyewe tuianze 1839. Januari 7 mwaka huo Paris ilitangaziwa ugunduzi wa bwana mmoja anaitwa Louis Daguerre, na Agosti 19 njia yake ikawekwa hadharani, serikali ya Ufaransa ikamlipa pensheni ya maisha, faranga 6,000 kwa mwaka, ili siri iwe ya kila mtu. Kitu hicho kiliitwa dagerotipu kwa jina lake. Na hapa lazima tukae kidogo kwasababu bila kuelewa dagerotipu ni nini mambo yote yanayofuata hayataeleweka, hasa kwanini picha za marais zinapotea kama funguo.

Dagerotipu haipo kwenye karatasi. Ni bamba la shaba lililopakwa fedha, linasuguliwa mpaka linakuwa kioo kabisa cha kujitazamia, kisha linawekwa juu ya mvuke wa iodini gizani ili lishike mwanga. Linaingizwa ndani ya kamera, mtu anakaa, mwanga unaingia. Ukilitoa hapo huoni kitu. Unalipeleka kwenye sanduku lenye zebaki inayopashwa moto kwa chini na mvuke wa zebaki unapanda taratibu unang'ang'ania zile sehemu zilizopigwa na mwanga, ndio uso unaanza kutokea. (Na hao mafundi walikuwa wanavuta huo mvuke kila siku, tuache tu.) Mwishoni linaoshwa kwa dawa ya kuzuia lisiendelee kubadilika, linafunikwa kioo, linafungiwa kwenye kijisanduku kidogo chenye mahameli ndani na ndoano pembeni, unakifungua kama kitabu.

Ukikishika mkononi sasa ndio utaona maajabu yake. Ukikiinamisha huku uso unatokea vizuri kabisa mpaka unyusi mmoja mmoja, ukikiinamisha kule uso unageuka kuwa kama negativu, meupe yanakuwa meusi, na ukikishika wima mbele yako unajiona wewe mwenyewe maana ni kioo. Yaani sura yako na ya marehemu zinapishana humohumo. Na picha yenyewe ni vumbi tu la zebaki na fedha limekaa juu ya bamba, ukitoa kioo ukapitisha kidole kufuta vumbi umefuta mtu. Negativu ya kusafishia nyingine haipo. Lililopo ni hilo bamba moja, likipotea basi, ukitaka nakala itabidi uipige picha ile picha.

Pia inageuza. Wote tunajua ile ya kujipiga selfi na fulana yenye maandishi halafu maandishi yanasomeka kinyumenyume, dagerotipu ndivyo ilivyo, kulia kunakuwa kushoto, labda mpigaji awe ameweka kioo maalum mbele ya lenzi. Picha ya zamani kabisa ya Lincoln, ya miaka ya 1846 au 47 kule Springfield kabla hajawa mtu mkubwa, inamuonyesha na kile kidutu cha shavuni upande wa kushoto wakati alikuwa nacho kulia. Kabla hujabisha kwamba huyo sio yeye angalia vifungo vya koti kwanza.

Sasa, nani aliikosa kamera? Marais watano wa mwanzo wote. Washington tumeshasema. John Adams na Jefferson walikufa siku moja, Julai 4, 1826, Monroe naye Julai 4 lakini ya 1831, na wa mwisho katika hao, Madison, akafa Juni 1836, miaka mitatu tu kabla ya Daguerre. Mkewe Dolley aliishi mpaka 1849 na akapigwa, kuna bamba lake la 1846 lililopigwa na John Plumbe ambalo ukoo ulikuja kulikuta kwenye chumba cha chini ya nyumba, 2024 likapelekwa mnadani Sotheby's na jumba la picha la taifa la Washington, ile National Portrait Gallery, likalinunua kwa dola 456,000. Bamba linaloingia kiganjani!

Hapa nachepuka kidogo niende pwani kwetu maana kuna kitu kinanifurahisha. Aprili 30, 1840 meli ya Sayyid Said bin Sultan, jina lake Sultana, iliingia bandari ya New York kutoka Zanzibar ikiwa na karafuu, pembe, tende na kahawa, na zawadi za rais wa wakati huo Martin Van Buren: farasi wawili wa Kiarabu, lulu, mafuta ya waridi na vinginevyo. Van Buren ikabidi aseme asante lakini hapana, Katiba yao haimruhusu rais kupokea zawadi ya mfalme bila Bunge kukubali, na mwishowe Bunge likaamua viuzwe. Mjumbe aliyekuja na meli alikuwa Ahmad bin Na'aman, mzee wa heshima na kilemba chake, na watu wa New York walitoka mitaani kumtazama. Sasa ona. Wiki chache tu kabla ya hapo, Machi 1840, New York ilikuwa imefunguliwa studio ya biashara ya kupiga watu picha, ya mabwana Wolcott na Johnson, wengi wanaihesabu kuwa ya kwanza duniani. Ahmad bin Na'aman akakaa mjini humo miezi mitatu na zaidi. Na sura yake iliyotufikia ni ya rangi za mafuta, aliichora Edward Mooney. Kamera ipo mtaa wa pili na mtu wa heshima bado anapelekwa kwa mchoraji, hiyo inakwambia mwaka 1840 watu walikuwa wanaichukuliaje hii mashine. Ilikuwa mchezo wa ajabuajabu wa kuonyeshana, heshima ilikuwa bado kwenye brashi.

Na ilikuwa na sababu. Kwenye ile picha maarufu ya Daguerre ya barabara ya Paris, ya 1838, barabara inaonekana tupu kabisa mchana kweupe. Haikuwa tupu, magari ya farasi na watu walikuwa wanapita kama kawaida ila kamera ilichukua dakika nyingi mno kumeza mwanga, kila kinachotembea kikafutika. Aliyebaki ni bwana mmoja aliyesimama kusafishiwa viatu. Unamwambiaje mkuu wa nchi akae dakika kadhaa juani asipepese macho? Walipopata lenzi bora na kuongeza bromini kwenye ile iodini muda ukashuka mpaka chini ya dakika moja, ndipo biashara ya nyuso ikaanza kuwa biashara. Na bado nyuma ya kiti kulikuwa na stendi ya chuma yenye makucha mawili ya kushika kisogo ili kichwa kisicheze. Ukiona mzee wa miaka ya 1840 amekaza shingo kama anapimwa na fundi cherehani, kuna chuma nyuma yake.

Watu wanapenda kusema hawakutabasamu kwasababu ya huo muda, au kwasababu ya meno mabovu. Mimi naona hizo ni sababu ndogo. Walikuwa wanakaa kama walivyozoea kukaa kwa mchoraji, na kwa mchoraji mtu mzima hachekicheki. Nenda kwenye albamu ya bibi yako, zile za studio za miaka ya 60 na 70 zenye pazia nyuma na ua la plastiki juu ya stuli, uone nani anacheka humo.

Haya, turudi kwa wenye majina kwenye lile gemu.

A, Harrison. Aliapishwa Machi 4, 1841, siku ya baridi, hakuvaa koti zito wala kofia, akasoma hotuba ya karibu masaa mawili, mpaka leo hakuna rais wa Marekani aliyesoma ndefu kama ile siku ya kuapishwa. Aprili 4 akafariki. Mwezi mmoja. Lakini ndani ya siku hizo za kuapishwa alipigwa dagerotipu, kwahiyo kama swali ni "nani alikuwa wa kwanza kupigwa akiwa madarakani" jibu ni yeye na mjadala umeisha. Tatizo ni kwamba lile bamba limepotea. Na mtandaoni utaikuta "picha ya Harrison 1841" imejaa tele, mzee mwembamba, nywele zimelalia mbele, inaonekana dagerotipu kweli na ni dagerotipu kweli, ipo jumba la makumbusho la Metropolitan New York. Ila ilipigwa mnamo 1850, mtu mwenyewe ana miaka tisa kaburini. Kilichopigwa ni picha ya kuchora, ya Albert Gallatin Hoit, ya 1840. Yaani mtu aliweka mchoro mbele ya kamera akabonyeza. Unaona sasa neno letu "picha" linavyotutesa, picha ya picha, na wanaoisambaza hawakutani na hilo kabisa kwasababu kwa jicho la haraka bamba ni bamba.

B, Adams. Huyu ndiye ninayempenda katika wote maana alikuwa anaandika dayari kila siku ya Mungu, kwahiyo tunajua mpaka alivyojisikia. John Quincy Adams alikuwa rais wa sita, 1825 mpaka 1829, akashindwa uchaguzi na Andrew Jackson, na badala ya kwenda kulea wajukuu akarudi 1831 kama mbunge wa kawaida na akakaa bungeni mpaka siku alipoanguka humohumo ndani Februari 1848. Ndiye aliyesimama Mahakama ya Juu ya Marekani 1841 kuwatetea Waafrika wa meli ya Amistad waliokuwa wamewageukia watekaji wao, wakashinda, wakarudi Sierra Leone. Kwahiyo alipokaa mbele ya kamera alikuwa mzee wa miaka sabini na kitu, rais mstaafu, mbunge mbishi.

Mara ya kwanza ilikuwa Boston Septemba 1842, kwa huyohuyo Plumbe aliyekuja kumpiga Dolley. Hizo zimepotea. Machi 1843 akaenda studio ya Philip Haas kule Washington, akapigwa tatu, na moja ya hizo ipo. Amekaa kwenye kiti, mguu mmoja juu ya mwingine, mikono ameikutanisha, pembeni meza ina vitabu na taa, kichwa upara na ndevu nyeupe za mashavuni, na chini pale suruali ilipopanda kidogo soksi nyeupe zinaonekana. Mimi hizo soksi ndio zinaniuma roho. Mchoraji yeyote angezifunika, angeishusha suruali inchi mbili bila hata kuambiwa, ndiyo kazi tunayomlipia. Kamera haikujua kwamba huyu ni rais.

Na Adams alikuwa anajua kulinganisha, maana amechorwa tangu kijana, John Singleton Copley alimchora 1796 akiwa na miaka ishirini na tisa, mzuri, mashavu yanang'aa. Agosti 1843 alikuwa safarini kaskazini mwa New York, mji wa Utica, wakampeleka studio ya Bishop na Gray wakampiga nne. Jioni akaandika kwenye dayari kwamba zote zinatisha. Hivyo tu. Mtu yeyote aliyewahi kuchungulia picha yake ya kitambulisho anajua alichomaanisha.

Moja ya hizo "zinatisha" ilikutwa 1970 kwenye duka la vitu vya kale ikiuzwa senti hamsini. Leo ipo kwenye lile jumba la picha la taifa. Ile ya Haas yenye soksi, Adams alimpa mbunge mwenzake Horace Everett, ikakaa kwenye ukoo wa Everett vizazi na vizazi, watu wa makumbusho wakawa wanalijua lile pozi kupitia nakala tu iliyopigwa baadae Boston, picha ya picha tena, mpaka Oktoba 2017 bamba lenyewe likatokea mnadani na kununuliwa dola 360,500. Na ndio likawa jibu la gemu. Kwahiyo B ni sahihi kama swali ni "rais gani picha yake ya zamani zaidi bado ipo". Ila alikuwa ametoka Ikulu miaka kumi na minne iliyopita, na wakati anaketi kwa Haas nchi ilikuwa na rais mwingine kabisa, John Tyler. Na angalia tena, zile za Plumbe za 1842 zikitokea kesho kwenye boksi la mtu basi Haas anashuka namba. Kwenye dagerotipu "ya kwanza" maana yake ni ya kwanza mpaka sasa hivi.

Jackson, yule aliyemshinda Adams, gemu halikumtaja lakini namtaja mimi. Walizaliwa mwaka mmoja, 1767, na hawakupendana kabisa. Jackson ndiye rais aliyemtuma Edmund Roberts kufunga mkataba wa biashara na Sayyid Said mwaka 1833, mkataba ambao ulisababisha balozi mdogo wa Marekani afungue ofisi Unguja 1837 na kile kitambaa cha pamba kutoka Massachusetts kikajaa pwani mpaka kikaitwa jina la nchi, merikani. Alipigwa dagerotipu 1845 nyumbani kwake Tennessee, wiki chache kabla hajafa, wamemuegemeza kwenye mto, miwani usoni, nywele nyeupe zimesimama. Ni picha ngumu kuitazama. Mgonjwa aliyevimba na kuchoka, ila macho bado yanamwambia mpigaji fanya haraka. Na Sayyid Said mwenyewe, upande wa pili wa mkataba uleule, sura yake tunayoijua vitabuni ni ya kuchorwa, japo aliishi mpaka 1856 na kapteni Mfaransa Guillain alishafika pwani yetu kati ya 1846 na 1848 na mtambo wa dagerotipu ndani ya meli. Mwanae Barghash ndiye aliyekaa studio London 1875, jambia kiunoni.

C, Polk. Juni 1846 Plumbe (huyu bwana alikuwa kila mahali) akapiga picha ya Rais Polk na mawaziri wake ndani ya Ikulu, kwenye chumba cha kulia chakula. Wamejipanga kama picha ya harusi, wengine wamekaa wengine wamesimama nyuma, wote wamenuna, ni sita, mmoja hayupo. Asiyekuwepo ni waziri wa mambo ya nje James Buchanan, ambaye miaka kumi na moja baadae akawa rais mwenyewe. Kisha Februari 14, 1849, zimebaki wiki tatu aondoke, Polk akaandika kwenye dayari yake kwamba amekubali ombi la msanii mmoja wa New York anaitwa Brady, akakaa akapigwa. Mathew Brady ndio yule ambaye baadae alikuja kujulikana dunia nzima kwa picha za vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe. Kwahiyo kama swali ni "rais aliyepo madarakani ambaye picha yake ipo mpaka leo" basi ni Polk, watu wengi wanataja hii ya Brady, lakini ile ya mawaziri ya 1846 ipo pia na imeitangulia kwa karibu miaka mitatu.

Itazame hii ya Brady kwa makini. Polk alikuwa na miaka hamsini na tatu. Aliingia Ikulu ana arobaini na tisa, mtu wa kazi, analala kidogo, anakagua mwenyewe mpaka karatasi za makarani, na vita ya Mexico juu. Kwenye picha nywele ndefu nyeupe zimechanwa nyuma, mashavu yameingia, chini ya macho kumechimbika. Juni 15 mwaka huohuo akafariki kwa kipindupindu, miezi mitatu na siku kadhaa baada ya kukabidhi ofisi. Kwenye maandishi utasoma "alifanya kazi kwa bidii", kwenye bamba unaiona hiyo bidii ilivyomla.

Wakuu wa nchi nyingine nao walikuwa wanapambana na mashine hiihii, kila mmoja kwa namna yake. Malkia Victoria alikaa na watoto wake Januari 17, 1852 mbele ya kamera ya William Kilburn, akafumba macho muda usiotakiwa. Kwenye dayari akaandika kwamba za watoto ni nzuri ila yake mbaya sana, halafu akachukua bamba akaukwangua uso wake, akautoa kabisa, watoto wakabaki wamezunguka gauni lisilo na kichwa. Siku mbili baadae akarudia, safari hii amekaa kiubavu na kofia kubwa imeficha uso. Nimekwambia ni vumbi tu juu ya bamba. Japani walikwenda mbali zaidi. Mfalme Meiji alipigwa na Uchida Kuichi 1872 na 1873, lakini baadae hakutaka tena kamera, kwahiyo 1888 Mtaliano Edoardo Chiossone akawekwa pahala ajifiche amchungulie mfalme akila, akamchora, na ule mchoro ndio ukapigwa picha na nakala zikasambazwa mashuleni wanafunzi waziinamie. Taifa zima likaamini linaona picha ya kupiga. Kumbe Harrison hayuko peke yake.

Na D, Lincoln, ambaye kwenye swali hili hana nafasi hata kidogo, ila nakuhakikishia ndiye anayebonyezwa na watu wengi. Ana haki yake lakini. Februari 27, 1860, siku ya hotuba yake kwenye jumba la Cooper Union pale New York, alipita kwa Brady. Mtu mrefu, shingo ndefu mno, suti imekunjana na safari. Brady akamvuta kola juu ifunike shingo, akamsimamisha mkono umegusa vitabu. Na tofauti kubwa hapo haikuwa kola. Kufikia 1860 watu walishaliacha bamba la fedha, sasa ilikuwa ni kioo chenye negativu, na negativu unasafisha karatasi ngapi unavyotaka. Sura hiyo ikachongwa magazetini, ikawekwa kwenye beji za kampeni, ikauzwa kwenye vikadi vidogo vya kuweka albamu. Bamba la Adams lilionwa na watu wachache tu, Lincoln alionekana na watu ambao hawatakutana naye maisha yao yote, na ndio sababu kila mtu akiulizwa picha ya rais wa zamani anamuona yeye. Walimpenda mpaka baada ya kufa wakachukua kichwa chake wakakipachika juu ya mwili wa John C. Calhoun kwenye mchoro mmoja wa ukutani, kwasababu Calhoun alisimama vizuri zaidi. Calhoun alikuwa mtetezi mkubwa wa utumwa.

Haya yote nimeyasema taratibu nikiwa naosha vyombo, na kijana nilidhani yuko mlangoni. Kumbe alishaondoka yuko sebuleni, gemu limemrudishia swali lilelile maana alilikosa. Akapaza sauti, "Mjomba, mwishowe ni ipi?" Nikamwambia bonyeza B.